Katoka kisiwani mzima kabisa, kashuka meli, usiku huohuo unga nusura umuue. Nielewesheni

binti_mwaloni

Habari zenu wana jukwaa. Nyumbani kila mtu ana hasira na hospitali walikuwa na haraka, kwa hiyo naleta hapa.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa anatumia unga, yaani heroini. Alianza na kokteli, ule msokoto wa bangi uliochanganywa na unga, kipindi anabeba magunia ya dagaa pale Kirumba Mwaloni, soko la dagaa hapa Mwanza. Mwishoni akawa anajidunga. Vitu vya ndani viliisha: redio, jiko la gesi, hadi vitenge vya mama. Mwaka jana baba akamtuma kwa baba mdogo mwenye mitumbwi ya dagaa kisiwani, upande wa Ukerewe. Wiki ya kwanza arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilimtesa: makamasi, kutapika, kuharisha, miguu haitulii usiku kucha. Ikapita. Akaanza kuingia ziwani na wenzake kila giza likianza, akala, akanenepa. Mama alionyesha picha zake kanisa zima.

Ijumaa iliyopita baba mdogo kampa mgao wake, kapanda meli Nansio, nikampokea mwenyewe bandarini. Tumefika Igogo, kala ugali na sato, kaniambia anakwenda kunyoa. Saa tatu usiku vijana wananigongea. Nimemkuta kwenye gheto la mtu Mabatini anakoroma vibaya, koromo linakatika, kimya, linarudi. Midomo imekuwa ya kijivu. Ukimfunua jicho kile kiini cheusi kimesinyaa hakionekani. Walishammwagia ndoo ya maji na kumlazimisha maziwa. Tukambeba kwa boda mpaka hospitali, wakamchoma sindano kwenye mshipa, hata sijakaa vizuri kwenye benchi kaamka, katapika, kamtukana nesi. Wakamlaza hadi kesho yake.

Sasa nauliza. Alikuwa ameshapona, kilichomrudisha ni nini siku ya kwanza tu? Na anaapa alitumia kete, kile kipakiti cha unga, ya kipimo kilekile cha zamani, tena hakuimaliza, mbona zamani haikumfanya chochote? Baba anataka arudi kisiwani Jumatatu.

Nyakato_Kwetu

Pole dada. Ukweli ni kwamba huyo hajaamua. Mjomba wangu aliacha sigara siku moja, hakunywa dawa wala nini. Mrudisheni kisiwani, safari hii mgao apewe baba yenu.

Mfamasia_Mstaafu

Binti yangu, pole sana, na mshukuru Mungu kwa hao vijana waliokugongea. Wengi huwa wanakimbia wakihofia polisi.

Nimetoa dawa hospitalini hapa Mwanza mpaka nilipostaafu. Nitaandika kwa urefu. Nyakato_Kwetu, na wewe nitakufikia.

Naanza na swali lako la pili maana hilo ndilo linaloua. Heroini ikishaingia kwenye damu inapenya kwenye ubongo upesi sana, na humo inageuzwa kuwa mofini. Mofini inafanya kazi kwa kushika vipokezi, yaani vishikio vya kemikali kwenye chembe za mwili, ambavyo tumezaliwa navyo, kwa sababu mwili una vitu vyake wenyewe vya jamii hiyo. Vitu hivyo vya mwili, vya kwanza kutambuliwa viligunduliwa na John Hughes na Hans Kosterlitz huko Aberdeen, Uskochi, mwaka 1975. Kazi yake ni kutuliza maumivu na kukutuliza wewe. Vipokezi hivyo vimetawanyika. Vipo kwenye ubongo wa ndani unaohusika na raha na hamu, vipo kwenye shina la ubongo linaloendesha pumzi, vipo hata kwenye utumbo. Ndiyo maana mtumiaji hupata choo kwa shida na mwenye arosto huharisha. (Ile loperamidi tunayouza dukani ya kuzuia kuharisha ni ya ukoo huohuo. Kwa dozi ya kawaida haifiki kwenye ubongo, inaishia tumboni. Watu wakisikia hivyo hawaamini.)

Mtu akitumia kila siku, chembe za ubongo zinajirekebisha ili kazi iendelee hivyohivyo na dawa ikiwemo. Vipokezi vinapunguza kuitika. Kete moja haitoshi, zinakuwa mbili, tatu. Hata shina la ubongo linazoea kiasi fulani, ndiyo maana teja wa muda mrefu anaweza kujidunga kiasi ambacho mimi na wewe kingetuzika. Huo ndio usugu. Lakini usugu haudumu bila dawa. Akikaa bila kutumia, siku hadi wiki kadhaa, unayeyuka. Mdogo wako kisiwani alirudi kuwa na pumzi ya mtu ambaye hajawahi kuonja. Halafu kashika kete ya kipimo cha zamani. Kwa hiyo anaposema alitumia ileile, wala hadanganyi.

Hatari hii ni kubwa kuliko wakati wowote kwa anayetoka jela, anayetoka soba hausi (nyumba ya kuachia dawa), anayetoka kulazwa, na anayetoka kisiwani. Siku hizo za mwanzo familia zinachinja kuku wakati mtu yuko ukingoni.

Kuna jambo jingine watu hawalijui. Mwanasaikolojia wa Kanada, Shepard Siegel, na wenzake walichapisha mwaka 1982 jaribio la panya waliozoeshwa heroini kwenye chumba kimoja. Baadaye wakapewa dozi kubwa. Waliopewa kwenye chumba walichozoea walikufa asilimia 32. Waliopewa dozi hiyohiyo kwenye chumba kigeni wakafa asilimia 64. Dawa moja, kipimo kimoja, chumba tofauti. Mwili ukiona mazingira ya kutumia, unaanza kujihami kabla dawa haijafika. Ukitumia pageni, ulinzi huo haupo. Hilo gheto la Mabatini alikuwa akilitumia zamani?

Na kuna jambo moja hukulitaja: pombe. Huko kambini kwa wavuvi wanakunywa gongo. Ndani ya meli je? Pombe inakandamiza pumzi kwa njia yake nyingine kabisa, na zikikutana na heroini hazijumlishwi tu, zinasaidiana kumzimisha. Usinijibu mimi, muulize yeye.

Kuhusu maziwa na maji: yaache. Mtu ambaye hajitambui akinyweshwa, maziwa yanakwenda mapafuni. Mlaze ubavu, mtikise mabega na kumwita kwa nguvu, kama pumzi zimekatika mpulizie mdomoni, na safari ya hospitali ianze. Sindano waliyompa bila shaka ni naloksoni. Hiyo inavisukuma vile vipokezi viachane na mofini na kuvikalia yenyewe bila kuviwasha, ndiyo maana aliamka na matusi: arosto imempiga kwa mkupuo. Walimlaza kwa sababu naloksoni inaweza kuisha baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu na mofini bado ipo mwilini, akazima tena. Wanaotoroka wodini wakishaamka wanajiweka pabaya.

Sasa swali la kwanza. Ngoja ninywe chai kwanza, mke wangu ananiita.

binti_mwaloni

Asante mzee wangu. Nimemuuliza. Gheto ni la rafiki mpya waliyekutana kwenye meli, hakuwahi kufika. Na walikunywa tangu Nansio. Hata mikono inanitetemeka.

Mfamasia_Mstaafu

Nimerudi.

Arosto na uraibu watu wanavichanganya. Arosto ni mwili. Kuna sehemu ndogo kwenye shina la ubongo inayotoa noradrenalini, kemikali ya kukuweka macho na tayari. Mofini inaikandamiza kila siku, nayo inajiimarisha ili isizimwe kabisa. Ni mtu anayesukuma mlango ulioegemewa upande wa pili: aliyeegemea akiondoka ghafla, anaingia kwa kishindo. Hapo ndipo jasho, vipele vya baridi, miayo, machozi, moyo kwenda mbio. Kwa heroini huanza ndani ya saa 6 hadi 12, hukazana siku ya pili na ya tatu, na wiki moja au zaidi kidogo ikipita mwili umetulia, ingawa kukosa usingizi na huzuni huchelewa kuisha. Mlichokiona kule kisiwani ni hicho, na mkasema kapona. Alipona arosto.

Uraibu wenyewe umekaa kwenye kujifunza. Kila tukipata kitu chenye manufaa, chakula, mapenzi, sifa, kuna chembe za ubongo wa ndani zinazomwaga dopamini. Magazeti huiita kemikali ya raha. Mimi naona wanapotosha. Kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo: kumbuka kilichotangulia hapa, kitafute tena. Chakula ukikizoea, dopamini haishtuki tena unapokila, inashtuka unapoona dalili kwamba kinakuja. Dawa za kulevya zinapita mlango wa nyuma. Heroini inazizuia chembe zinazozuia dopamini. Kokeini inaziba njia ya kuirudisha ilikotoka. Nikotini inazichokoza chembe zenyewe. Hata gongo kwa njia zake inafikia hapohapo. Na tofauti na chakula, dopamini inamwagika kila mara, hata kama umetumia mara elfu, kwa hiyo ubongo hauachi kufundishwa.

Umefundishwa nini? Makelele ya soko pale Mwaloni. Sauti ya konda wa Igogo. Uso wa pusha. Na nitakwambia kilichomshika kuliko vyote: hela ya mgao mfukoni. Miaka yote ile, hela ikiingia tu, kete inafuata. Kule kisiwani hakuna hata kimoja kati ya hivyo, ubongo ukatulia. Aliposhuka meli vyote vikamrukia ndani ya saa moja, na kila kimoja kinamwaga dopamini kabla hajaamua lolote. Zaidi ya hapo, sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kusema ngoja kwanza, hudhoofika kwa watumiaji wa muda mrefu, na miezi kisiwani pengine haijatosha kuirudisha.

Kwa hiyo kumrudisha kisiwani ni kumpa likizo nyingine, kisha kumleta tena bandarini bila usugu. Mpelekeni kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ya ukoo wa mofini wanayopewa hospitalini wanaoacha unga.

Nyakato_Kwetu

Mzee nakuheshimu, ila nina swali. Kama ubongo umeshafundishwa hivyo, mbona kuna wanaoacha bila dawa yoyote? Na hiyo methadoni mnayoipigia debe si ni kubadilisha ulevi kwa ulevi? Wanapanga foleni kila asubuhi tunawaona.

Mkuyuni_Asubuhi

Hao unaowaona kwenye foleni mmoja ni mimi.

Nilikuwa nadunga. Kabla ya methadoni, saa kumi alfajiri nilikuwa nimeshaamka natafuta hela ya kwanza, sio ya stimu, ni ya kuondoa arosto tu niweze kusimama. Stimu yenyewe ilishaisha miaka mingi, nyie mnadhani tunastarehe. Sasa naamka, nakwenda Sekou Toure, nakunywa dawa ya maji mbele ya nesi, anahakikisha nimemeza, nakwenda zangu gereji. Sisinzii. Bosi wangu hajui na hana sababu ya kujua.

Dada, kitu kimoja nikuonye. Mimi niligunduliwa kifua kikuu. Nikaanzishiwa vidonge, mkojo ukawa rangi ya chungwa, sawa, waliniambia. Baada ya muda mfupi arosto ikaanza kunirudia jioni wakati asubuhi nimekunywa methadoni yangu kama kawaida. Nikadhani wananipunja. Niligombana dirishani mpaka mlinzi akaja. Mzee, hii mnaielezaje?

Mfamasia_Mstaafu

Hukupunjwa. Ni rifampisini, hiyohiyo iliyokupaka rangi mkojo. Inaliamsha ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vya kuvunja dawa, na methadoni ni mojawapo ya dawa zinazovunjwa haraka. Dozi inapandishwa taratibu, na ukimaliza matibabu ya kifua kikuu inashushwa, maana ini likirudi kawaida dozi ile itakuwa kubwa mno. Efavirenzi iliyokuwa ikitumika sana kwa wenye VVU ina tabia hiyo pia. Ndiyo maana nasema kadi ya kila kliniki itembee mfukoni, sio kifua kikuu huku, methadoni kule, na hawajuani.

Nyakato_Kwetu, maswali yako mawili nayapenda.

Wapo wanaoacha, ni kweli. Askari wengi wa Marekani walitumia heroini Vietnam, safi na ya bei rahisi. Serikali yao ikaogopa wakirudi itakuwa balaa. Mtafiti Lee Robins akawafuatilia mwanzoni mwa miaka ya 1970, na waliorudia uraibu walikuwa wachache sana kuliko ilivyohofiwa. Walifanywa nini cha ajabu? Waliondoka mahali walikojifunzia, wakaenda nyumbani ambako heroini haikuwa sehemu ya maisha yao. Mdogo wake binti_mwaloni amefanya safari ya kinyume. Kisiwani ndiko alikokuwa msafi, nyumbani ndiko darasa lilipo. Kama mngemhamishia kisiwani moja kwa moja, akaoa huko, akapata mtumbwi wake, ningekuwa na mengine ya kusema. Ila baba anampeleka ili amrudishe.

Kuhusu ulevi kwa ulevi: tazama mwendo. Heroini ya kujidunga inafika kwenye ubongo kwa sekunde, na kadiri dawa inavyofika upesi ndivyo ubongo unavyokamatwa. Kisha inashuka upesi, baada ya saa chache arosto inabisha hodi. Mtu anapanda na kushuka mara tatu, nne kwa siku. Methadoni ya kunywa inapanda polepole kwa saa kadhaa na inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, ndiyo maana dozi moja inatosha. Hakuna mshtuko wa kuufundisha ubongo. Vipokezi vimekaliwa, arosto haipo, na hata akiteleza akajidunga, stimu aliyoizoea haiji kwa sababu usugu umelindwa. Utegemezi upo, sikatai. Mimi nategemea vidonge vya presha kila siku na hakuna anayeniita mlevi. Tanzania Bara ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na faida mojawapo kubwa ilikuwa watu kuacha kuchangia sindano, maana VVU na homa ya ini C vilikuwa vinapita humo.

Ila methadoni sio juisi. Kwa sababu inakaa sana mwilini, dozi ya leo inalalia juu ya ya jana, siku kadhaa za mwanzo inaongezeka kimyakimya. Kwa mtu asiye na usugu inaweza kumzimisha siku ya tatu wakati ya kwanza alikuwa anatembea. Binti yangu, hili nakuwekea mkazo: mkifika, waambieni wazi kwamba alikaa miezi bila kutumia na karudia juzi tu. Msione aibu, msiseme anatumia kila siku ili apokelewe upesi. Dozi ya kuanzia, na hata kama anafaa kuanzishwa, inategemea jibu hilo.

binti_mwaloni

Nimewasomea baba na mama kwa sauti. Baba kanyamaza, kwake ni kitu kikubwa.

Tatizo la usiku huu: mwili unamuuma, anatetemeka kidogo, na yule rafiki wa kwenye meli kamletea vidonge vya tramadoli, anasema ni vya maumivu tu havina shida. Nimevishika mimi. Nimpe?

Mfamasia_Mstaafu

Usimpe. Kwanza ni ya ukoo uleule wa mofini, ingawa dhaifu kidogo. Pili, tramadoli ina kazi ya pili kwenye ubongo, inagusa kemikali za ubongo, serotonini na ile noradrenalini, na ikizidi inaleta kifafa hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka. Tatu, ini ndilo linaloigeuza kuwa na nguvu, na watu hatulingani: kuna waliozaliwa na ini linaloigeuza kwa kasi, kidonge kimoja kwao kinakuwa vingi. Wewe hujui yake ikoje, na vidonge vya mtaani hujui vina nini. Vijana wa mitumbwi wanavimeza ili wakeshe na kuvuta nyavu bila kuchoka, siku hizi nasikia vinapatikana kila mwalo. Nilipokuwa nauza nilikuwa natukanwa kwa kudai cheti.

Lakini nijibu hili kabla hujalala: kule kambini gongo alikuwa anakunywa kila siku? Kwa sababu arosto ya heroini inatesa ila mara chache inaua mtu mzima mwenye maji mwilini. Ya pombe inaua. Kama alikuwa anakunywa kila siku na ameacha tangu Ijumaa, na mikono inatetemeka, jasho, anaona vitu visivyokuwepo au anaanguka, hiyo sio ya kusubiri asubuhi.

binti_mwaloni

Nimempigia baba mdogo. Anasema sio kila siku, ni siku za mbalamwezi wasipoingia ziwani. Sasa hivi anaongea vizuri, kanywa uji, haoni vitu. Vidonge nimevitupa chooni.

Mkuyuni_Asubuhi

Basi kesho njooni mapema, foleni ya wageni inakwenda taratibu na mtaulizwa mengi. Mimi nitakuwepo, nina kofia ya bluu, mniite. Nilipoanza walitaka mtu wa nyumbani awepo, kwa hiyo baba akija aingie ndani, asibaki getini.

Nyakato_Kwetu

Dada kama nauli ya asubuhi ni shida nina bajaji, naanza njia saa kumi na mbili. Nitumie ujumbe wa faragha.

Mfamasia_Mstaafu

Mkienda bebeni karatasi ya hospitali ya ile Ijumaa, yenye jina la sindano. Na dawa yoyote anayotumia itajwe, hata ya mizizi kutoka kwa mganga.